Mlima Haumngoji Mwenye Motokaa

Wazee wetu walituachia maneno mawili juu ya kutembea, na maneno hayo yanapingana. Moja lasema, tembea uone. La pili laonya kwamba mtembezi hula miguu yake. La kwanza aliambiwa kijana aliyekaa jikoni kwa mama yake asijue kilichoko ng'ambo ya mto. La pili aliambiwa mvivu aliyezunguka nyumba za watu saa za kazi. Leo napenda kumzungumzia mtu wa tatu, ambaye wazee hawakumtungia methali kwa sababu zama zao hakuwapo. Mtu huyo ni mfanya kazi wa mjini, aliyeitumikia kazi yake siku sita kwa uaminifu, akapata siku moja ya kupumzika, na asijue aifanyie nini.

Siku hiyo moja si hisani ya tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema mfanya kazi asifanye kazi zaidi ya siku sita katika juma, wala zaidi ya saa 45 za kawaida, na kwamba apate mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila juma. Haki hiyo ilidaiwa na vyama vya wafanya kazi tangu siku za mkoloni, na waliodai walifukuzwa kazi na wengine walifungwa. Lakini tukitazama namna tunavyoitumia, twaona aibu kidogo. Mfanya kazi wa Unga Limited au wa viwanda vya Themi huamka Jumapili, huenda kusali akiwa mtu wa kusali, kisha huketi. Huketi nyumbani, huketi kilabuni, huketi mbele ya televisheni, na jioni hulala akiwa amechoka kuliko alivyochoka Jumamosi. Na muda wote huo, akiinua macho juu ya bati la nyumba ya jirani, Mlima Meru unamtazama.

Mlima huo una kimo cha meta 4,566, na katika nchi yetu ni Kilimanjaro peke yake unaoupita. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama. Lakini ukimwuliza mwenyeji wa Arusha amefika lini chini ya miti yake, wengi watakujibu kwamba mlima ni wa watalii, au kwamba wao hawana gari. Jibu la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Limekuwa kama imani miongoni mwetu kwamba nchi nzuri hufikiwa kwa motokaa, na asiye na motokaa atosheke na vumbi la wale wanaokwenda. Imani hiyo si ya kweli, na leo nitaeleza kwa nini, nikitumia mfano mmoja wa mahali ambapo kila mtu wa Arusha aweza kufika kwa nauli ya kifodi. Mahali hapo ni Olmotonyi.

Shika kifodi cha Ngaramtoni asubuhi mapema. Barabara ni ile kuu iendayo Namanga na Nairobi. Utapita Sakina, utapita Kiranyi, na baada ya kilomita kumi na mbili hivi kondakta atagonga bati na kuita Ngaramtoni. Ikiwa ni Alhamisi au Jumapili utakuta soko limejaa, maana siku hizo hukusanyika watu wa kutoka mbali, na Wamaasai waliovaa shuka zao hupanda kutoka mbugani kuja kuuza na kununua. Nunua ndizi au viazi vya kuchoma, tia maji katika chupa yako, kisha uipe mgongo barabara ya lami na uelekee mlimani.

Jina lenyewe lina maana. Kwa lugha ya Kimaasai, ambayo ndiyo asili ya lugha ya Waarusha, olmotonyi ni ndege mkubwa wa kula nyama, na Ngaramtoni ni maneno yale yale yakitanguliwa na neno la maji. Waliotoa majina hayo walikuwa watu wa miguu. Mtu anayepita kwa motokaa hawezi kukiita kijito kwa jina la ndege aliyekuja kunywa hapo, kwa sababu hatamwona ndege, na yumkini hatakiona kijito.

Njia hupanda polepole kati ya migomba na kahawa, mahindi na maharagwe. Mifereji ya maji hukatiza hapa na pale, na nyumba zimekaribiana, kwani udongo huu wa mlima wa moto wa zamani ni mwema na watu ni wengi. Kadiri unavyopanda hewa hubadilika, kelele za barabara hupungua, na hatimaye huanza miti ya Serikali iliyopandwa kwa mistari. Kuna misonobari, ambayo watu wengi huiita misindano, kuna misaiprasi, na kuna migrivelea. Misonobari na misaiprasi asili yake ni nchi ya Meksiko, na migrivelea ilitoka Australia, lakini imekaa hapa hata mtoto wa Olmotonyi huiona kuwa miti ya kwao. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, ambacho kimewafunza mabwana miti wa nchi nzima, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nacho kina msitu wake wa mafunzo mahali hapo.

Mfanya kazi asidhani ameingia bustanini, kwa maana ameingia mahali pa kazi. Miti hii hupandwa, hupogolewa, hupunguzwa, na ikikomaa hukatwa ikawa mbao za paa lake na nguzo za umeme wake. Mahali palipokwisha kukatwa, wanavijiji hupewa vipande vya kulima mahindi, maharagwe na viazi kati ya miche michanga. Wao hupata chakula, na miche hupata palizi bila ya gharama, mpaka vivuli vya miti vitakapofunika na kilimo kuhamia pengine. Mtu wa kiwandani akilitazama jambo hili atalielewa upesi kuliko mtalii, kwa sababu yeye ajua maana ya zamu na maana ya kukabidhiana kazi.

Juu zaidi, miti ya kupandwa huishia na msitu wa asili huanza. Huko mbega wenye mikia myeupe huruka kutoka tawi hadi tawi, na kima hukoroma gizani. Msitu huo ndio unaonyonya mvua za masika na za vuli na kuzitoa tena kidogo kidogo kwa njia ya chemchemi na mito. Themi na Naura, mito ipitayo katikati ya mji wa Arusha, yatokana na mlima huu. Mtu aliyekunywa maji ya mji kwa miaka ishirini, na kugombana na ankara yake kila mwezi, yafaa aone mara moja kwa macho yake mahali maji hayo yanapoanzia. Akirudi nyumbani atafunga bomba.

Katika kupanda kwetu siku moja, mimi na wenzangu watatu, tulikutana na bibi mmoja wa Kiarusha aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. Watoto aliokuwa nao walituinamishia vichwa, kama ilivyo desturi ya watu wa huko, nasi tukaweka mikono juu ya vichwa vyao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Gari lenu limeharibikia wapi?"

Tukamjibu kwamba hatukuja na gari.

"Basi mwaenda msibani?"

"Hapana, bibi. Twatembea tu."

Aliutua mzigo wake, akatutazama mmoja mmoja. "Haya," akasema. "Mimi natembea tangu nilipozaliwa, wala hakuna aliyetoka mjini kuja kunitazama." Tulicheka, naye akacheka, lakini neno lake lilituchoma. Kisha akatuonyesha kwa kidole. "Mkishuka piteni ile njia ya mferejini. Watu wakiacha kuipita itafungwa, na mimi nitazunguka mbali na mzigo huu."

Nimelifikiri sana neno la bibi yule. Kwake yeye kutembea ni kazi, na kazi nzito. Akichoka hakuna kifodi kitakachopanda kwenye makorongo yale kumchukua. Kwetu kutembea kulikuwa ni mapumziko. Mtu angeweza kusema kwamba kuna dhihaka katika jambo hilo, watu wa mshahara kwenda kucheza mahali ambapo mkulima anatoa jasho. Lakini yeye mwenyewe hakuliona hivyo. Alichoona ni kwamba yeye na sisi twahitaji kitu kimoja, nacho ni njia ya miguu iliyo wazi. Katika bendera ya Chama chetu jembe na nyundo vimekaa pamoja. Siku ile niliona kwamba mahali vinapokutana kwa hakika ni pale kwenye ukingo wa mfereji, penye upana wa hatua moja.

Na njia hiyo ina historia. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha wakaanza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Upande wa juu msitu uliwekwa kuwa mali ya Serikali. Waarusha na Wameru walibaki katikati, mlima ukiwa umezungushiwa mashamba ya wageni kama pete. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, mashamba mengi ya Wajerumani yaliuzwa kwa walowezi wengine. Upande wa pili wa mlima, huko Engare Nanyuki, Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu katika ardhi yao, nyumba zao zikachomwa moto. Ndipo Wameru wakachanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama mbele ya Umoja huo kwa niaba ya TANU. Kwa hiyo mtu anapotembea leo kando ya mlima huu bila ya kuulizwa kipande, anatembea juu ya jambo lililopiganiwa.

Lakini lililopiganiwa laweza kupotea bila ya vita. Tuliifuata njia ya mferejini kama tulivyoagizwa, na baada ya nusu saa tukakuta imeishia kwenye ukuta mpya wa matofali. Simlaumu mwenye ukuta, maana huenda hakukusudia ubaya wowote. Mji unapanuka, ardhi inakatwa viwanja, muuzaji anapima mpaka kwenye ukingo wa shamba lake, naye mnunuzi anajenga pale alipoonyeshwa. Katika hati ya mauziano ile njia haikuandikwa, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa mahali popote. Iliandikwa kwa nyayo tu, na nyayo zilipopungua maandishi yakafutika. Hivyo ndivyo njia zinavyokufa kuzunguka miji yetu yote, moja moja, bila ya kelele. Na wa kwanza kuumia si mtembezi wa Jumapili. Ni yule mwenye mzigo kichwani, na mtoto anayekwenda shule.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili kabla yetu. Huko Uingereza, vilima vilivyo karibu na mji wa viwanda wa Manchester vilikuwa vimefungwa na matajiri waliotaka kuwinda ndege humo siku chache za mwaka. Tarehe 24 Aprili 1932, wafanya kazi vijana wapatao 400, wakiongozwa na kijana mmoja aitwaye Benny Rothman, walipanda kilima cha Kinder Scout kwa makusudi, wakijua wamekatazwa. Walipambana na walinzi, na vijana watano wakahukumiwa kifungo cha kati ya miezi miwili na sita. Nchi ilishtuka kwamba mtu aweza kufungwa kwa matokeo ya kutembea. Mwaka 1949 Bunge lao lilitunga sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashambani, ambayo iliziamuru halmashauri kuziandika njia za miguu katika ramani. Wenzetu hao walikuwa watu wa mitambo na wa nguo, kama watu wetu wa Arusha. Walikwenda kule kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari ya abiria, kwa sababu hakuna aliyekuwa na motokaa.

Sisi hatuna haja ya kuvunja uzio wa mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote, na imetambua kwamba iko ardhi ya matumizi ya jumuiya isiyogawiwa mtu binafsi. Njia ya kwenda mtoni, ya kwenda shuleni na ya kwenda msituni yafaa itajwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji na iandikwe, kabla viwanja havijapimwa. Hilo ni jambo ambalo tawi la Chama laweza kulisimamia bila ya kungoja fedha kutoka popote. Karatasi na kalamu vyatosha, pamoja na mzee mmoja anayezikumbuka njia zote.

Na matawi ya mjini nayo yana kazi yao. Chama chetu kilijengwa kwa miguu. Wazee wa TANU walikwenda vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, wakalala walikopokewa. Baada ya Azimio la Arusha, Oktoba 1967, Mwalimu alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, mwendo wa zaidi ya maili mia moja, kwenda kwenye Mkutano Mkuu. Angeweza kupanda gari. Leo kiongozi hufika kijijini ndani ya motokaa iliyofungwa vioo, hupokewa kwa ngoma, huhutubia, huondoka, wala hajui kama njia ya mferejini imezibwa. Tawi la kiwandani likiweka Jumapili moja kila mwezi kwa matembezi, wanachama wakakutana kwenye stendi asubuhi na kila mmoja akalipa nauli yake, litakuwa limefanya mambo mengi kwa pamoja. Afya itapatikana, udugu utapatikana, na habari za wakulima zitapatikana kutoka vinywani mwao wenyewe.

Tena mwenye kupanda kifodi ana faida asiyokuwa nayo mwenye motokaa. Mwenye motokaa ni mfungwa wa motokaa yake, kwani hata atembee wapi, lazima arudi pale alipoiacha. Mwenye kifodi hushukia hapa akapandia pale. Aweza kupanda Olmotonyi kutoka Ngaramtoni, na akiwa na nguvu na siku ikiwa kavu, akaambaa na njia za vijiji kuelekea Ilkiding'a na kurejea mjini kwa upande mwingine, akiuliza njia kadiri anavyokwenda. Na Olmotonyi si peke yake. Anayekaa upande wa barabara ya Moshi ashukie Tengeru, akatembee hadi Ziwa Duluti, ziwa lililojaa katika shimo la mlima wa moto uliozimika, lenye msitu mdogo kandokando. Apendaye kubaki karibu na mji apande kwa miguu kwenda Ng'iresi, kilomita saba hivi, na mji wote utaonekana chini yake.

Yako mambo machache ya kushika. Msitu una wenyewe, kwa hiyo anayetaka kuingia ndani ya msitu wa Serikali apite kwanza ofisini akaombe ruhusa na kuuliza masharti. Katika msitu wa juu wamo nyati na tembo, basi mtu asijifanye shujaa kwa kwenda huko bila ya mwenyeji wa kumwongoza. Moto usiwashwe, wala kijinga cha sigara kisitupwe, hasa wakati wa kiangazi, maana sindano kavu za misonobari hushika moto upesi, na kazi ya miaka ishirini huteketea mchana mmoja. Wakati wa masika udongo huteleza kama sabuni, basi viatu vya kanisani vibaki nyumbani. Usikatize katika shamba la mtu. Salimia kila unayemkuta. Na chakula chako ukinunue kule kule, kwa mama mwenye maziwa na parachichi, ili ujio wako uwe na faida kwa waliokupisha.

Tuliporudi jioni ile tulikuwa na vumbi hadi magotini. Kwenye kona ya Ngaramtoni tulimkuta tena bibi yule, akiuza maziwa. Alituuliza kama tuliipita njia ya mferejini. Tukamweleza habari ya ukuta.

Alinyamaza kidogo, akatumiminia maziwa. "Basi rudini," akasema. "Wawili wakisema njia imefungwa, watu huwaita wagomvi. Wakisema arobaini, huitwa mkutano."

Ndugu msomaji, Jumapili ijayo kifodi cha kwanza chaondoka alfajiri, na nauli waijua. Bibi yule hana simu ya kukuita wala gari la kukufuata. Yeye atakuwa njiani, kama alivyo siku zote, na mzigo wake kichwani. Panda, ushuke, utembee, ili idadi itimie.